Kama dunia hii ndiyo bora, Lisbon ilikosa nini?

Jumamosi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, walikuwa kanisani na mishumaa inawaka madhabahuni. Kabla ya saa nne asubuhi ardhi ikatikisika. Walionusurika mawe ya makanisa wakakimbilia ufukweni, penye uwazi, na bahari ikawafuata huko huko. Kilichosalia mjini kikateketea kwa siku kadhaa, na sehemu ya moto huo ilianzia kwenye mishumaa ya ibada. Walikufa makumi ya maelfu. Inasimuliwa, tena kwa kicheko kichungu, kwamba mtaa wa madanguro ulipona.

Wasomi wa Ulaya walikuwa na jibu lililokwisha andaliwa. Mwaka 1710 mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz alichapisha kitabu alichokiita Théodicée, kuutetea wema wa Mungu mbele ya maovu. Hoja yake si ya kitoto. Mungu anajua yote, anaweza yote, na ni mwema. Kabla ya kuumba aliziona dunia zote zinazowezekana, na aliye mwema kabisa hachagui kilicho duni akakiacha kilicho bora. Basi hii tuliyomo ndiyo bora. Leibniz hakusema kila kitu humu ni kizuri. Alisema ukiling'oa ovu moja utang'oa pamoja nalo mambo mengine usiyoyaona, na jumla itakayobaki itakuwa na upungufu zaidi.

Msomaji aliyekaa darasani na masheikh wa pwani hatashangaa sana. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika katika kitabu chake Ihyaa kwamba haiwezekani kuwepo kilicho bora kuliko hiki kilichopo, na wanazuoni wakabishana juu ya kauli hiyo kwa karne kadhaa. Wapinzani wake waliuliza: ina maana Mungu hawezi kuumba kizuri zaidi? Ukiutetea sana wema Wake, unaanza kuupunguza uwezo Wake. Mtego huo Leibniz naye hakuukwepa vizuri.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba huwezi kuiangusha kwa kuhesabu maiti. Utakayemwonyesha Lisbon atakujibu kwamba hujaiona jumla, na kweli hujaiona. Lakini yeye pia hajaiona. Anaijua kuwa bora kwa sababu ameanza na Mungu kisha akashuka duniani. Mtu anayeanzia chini ya kifusi, akipanda juu kutafuta wema huo, hana ngazi ya kumfikisha. Ndiyo maana nadharia hii humtuliza aliyekwisha amini na haimvuti asiyeamini, na sidhani hilo ni kosa dogo kwa hoja iliyodai kusimama juu ya akili.

Mwandishi Mfaransa Voltaire alilipuka. Katika shairi lake la 1756 aliuliza kama Lisbon ilikuwa na dhambi kuliko London, au Paris ambako watu waliendelea kucheza dansi. Swali hilo liliwagonga zaidi wahubiri wa adhabu kuliko Leibniz. Miaka mitatu baadaye akaja na hadithi ya kejeli, Candide, yenye jina la kijana anayesimuliwa, na humo yumo mwalimu wake Pangloss, ambaye kila balaa kwake lina faida. Wakiwa karibu na Lisbon, mtu mwema aliyewasaidia anatumbukia baharini wakati wa dhoruba, akimwokoa baharia. Candide anataka kujitosa amwokoe. Pangloss anamzuia, akimthibitishia kwamba ghuba ile iliumbwa makusudi ili mtu huyu azame ndani yake.

Ni kejeli kali, lakini ina dhuluma ndani yake. Leibniz alikwisha kuikataa waziwazi kile alichokiita hoja ya uvivu: kwamba kama jambo limepangwa, basi nikae nikunje mikono. Tatizo ni kwamba alipotafuta mfano wa uvivu huo aliwasingizia Waturuki, ati hawaepuki penye tauni kwa kuwa wanaamini kadari. Hapo angemuuliza mtu kwanza. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alisikia tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Abu Ubayda, amiri wa jeshi lake huko, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Katika jibu hilo fupi, imani kwamba yote yako mikononi mwa Mungu na wajibu wa kuokoa roho havigombani.

Lisbon kwenyewe viligombana hasa. Padri Mjesuiti Gabriel Malagrida alitoa kijitabu mwaka 1756 akisema tetemeko ni ghadhabu ya Mungu, na kwamba watu watubu badala ya kuhangaikia vibanda vya kujisitiri. Waziri Carvalho, ambaye baadaye aliitwa Markizi wa Pombal, alituma maswali parokiani: lilidumu muda gani, bahari ilianza kupanda au kushuka, nyumba ngapi zimeanguka. Nyumba mpya zikajengwa zikiwa na fremu za mbao ndani ya kuta ili ziyumbe bila kuporomoka. (Simfanyi Pombal malaika, Malagrida, mzee wa miaka 70 na ushei, alinyongwa na kuchomwa moto hadharani mwaka 1761, na uhasama wa Pombal kwa Wajesuiti ulichangia.)

Katika ugomvi wote huu, mwenye jipya alikuwa mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau. Tarehe 18 Agosti 1756 alimwandikia Voltaire barua ndefu. Alimkumbusha kwamba si maumbile yaliyorundika pale nyumba 20,000 za ghorofa sita au saba. Wangekaa kwa kutawanyika, hasara ingekuwa ndogo. Akauliza pia ni wangapi waliokufa kwa sababu mmoja alirudi kuchukua nguo, mwingine hati zake, mwingine fedha.

Yaani kabla ya kumshitaki Mungu, mtafute fundi. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, hapakuwa na tetemeko lolote. Msibani tunaambiana kazi ya Mungu haina makosa, na mfiwa akiisema mwenyewe kauli hiyo humshika asianguke. Ikisemwa na mtu aliyepunguza nondo na saruji, inakuwa kichaka cha kujifichia. Kwangu mimi tofauti iko hapo: nadharia ya dunia bora mtu anaweza kuibeba kwa ajili ya maumivu yake mwenyewe, lakini hana haki ya kumtwisha mwenzake. Rafiki zake Ayubu walimtetea Mungu kwa ufasaha mkubwa, na mwisho wa habari ni wao waliokemewa, si yeye aliyelalamika.

Hata hivyo Rousseau hamalizi kazi. Mawimbi yale yalipiga hadi pwani ya Moroko, na mtoto anayesombwa na maji akiwa kwenye kibanda hakujenga ghorofa yoyote. Kwa huyo, hoja ya ujenzi haina la kusema, na Rousseau alilijua hilo. Alikiri kwamba ameteseka mno katika maisha haya kiasi kwamba hawezi kuacha kungoja maisha mengine. Akamchokoza Voltaire pia: wewe uliyeshiba na mwenye sifa unaona dunia yote ni ovu, mimi fukara mgonjwa naona ni njema.

Voltaire alijibu kwa barua fupi, akasingizia ugonjwa. Rousseau alidai baadaye kwamba jibu halisi lilikuwa Candide. Kama ndivyo, jibu hilo limeliruka swali gumu kuliko yote aliyoulizwa, lile la ghorofa saba.