Bwana Baiti

Kabla hamjaletewa toleo la yule rafiki yangu, ambaye anasambaza eti nilitoka kikaoni nalia, pokeeni la kwangu. Sikulia. Nilikohoa.

Mnajua mfumo wetu wa risiti, ule ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Rust, unavyokula memori. Kila risiti hubeba orodha ya bidhaa ndani ya Vec, orodha ya Rust inayoweza kurefuka, na Vec kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 24: kielekezi (anwani ya data ilipo), urefu na ujazo (nafasi iliyotengwa), nane nane. Nikagundua kuna ThinVec, orodha ya kazi hiyohiyo, baiti 8 tu. Nikabadilisha mfumo mzima usiku, asubuhi nikaomba nafasi kikaoni. Mwenyewe! Hakuna aliyenituma.

Projekta ikawaka. Nikapima mbele yao: 24, kisha 8. "Theluthi mbili zimeondoka, jamani!" Bosi akasogeza kiti mbele. Nikawatajia hadi injini ya Firefox inavyoitumia, utadhani niliijenga mimi. Kule nyuma makofi yakaanza.

Ndipo binti wa fildi, aliyekuwa anachora maua daftarini kikao kizima, akanyoosha mkono. Kwa adabu zote.

"Samahani kaka, urefu na ujazo umevipeleka wapi?"

Nikafungua mdomo, ukabaki wazi. (Mliowahi kukwama mbele ya projekta mnajua feni ya dari inavyoanza kusikika ghafla.) Binti anasubiri. Bosi anasubiri. Nikachukua glasi ninywe maji. Ilikuwa tupu, nikainywa hivyohivyo.

"Vipo... kule hipu, memori bidhaa zenyewe zinapohifadhiwa. Mwanzoni mwa data yenyewe."

"Baiti ngapi, kaka?"

"Kumi na sita."

Nikawaona wanajumlisha. Nane, kumi na sita. Hata mhasibu, aliyekuja kikaoni kwa ajili ya chai, alijumlisha!

Yaani nimetoa mzigo mapajani nikauweka kwenye buti, halafu natangaza gari limekuwa jepesi. ThinVec inalipa pale orodha nyingi zikiwa tupu, maana tupu zote huelekezwa kwenye kichwa kimoja cha pamoja (ndipo urefu na ujazo hukaa) bila kuomba memori. Sasa niambieni, duka gani linatoa risiti isiyo na bidhaa? Bosi akaomba kuona grafu ya memori. Haikushuka hata chembe.

Basi, Vec ikarudi. Binti akashauri ThinVec ihamie kwenye orodha ya bidhaa zilizorudishwa, ambayo karibu kila risiti huwa tupu. Grafu ikashuka. Pongezi kapewa yeye, chipsi kuku nimelipa mimi, na mishikaki akaongeza.