Fundi akikuuliza karatasi za laptopu, usimtukane

Hapa Lubumbashi watu wengi wanakosana na fundi wa kompyuta kwa sababu ya swali moja: "Papa, hii mashine iko ya nani?" Mteja ameleta laptopu inayodai neno la siri kabla hata Windows haijaonekana, na anataka ifunguliwe leo leo. Akiulizwa karatasi anaona ameshaitwa mwizi. Maneno yanapanda, majirani wanasogea. Mimi niko upande wa fundi.

Sisemi juu ya neno la siri la Windows. Hilo, kama una akaunti ya Microsoft, unalibadilisha kwenye intaneti hata kwa simu, na yamekwisha. Nasema juu ya lile la BIOS, programu inayoamka kabla ya nyingine zote. Kila mtaa una mjuaji wake anayekwambia utoe ile betri ya duara, CR2032, ungoje kidogo, uirudishe. Kwenye kompyuta za zamani za mezani dawa hiyo ilifanya kazi, maana neno la siri lilikaa kwenye kumbukumbu iliyolishwa na betri hiyo. Lakini laptopu nyingi za maofisi, ambazo ndizo zinazojaa madukani kwetu zikiwa zimekwishatumika Ulaya, huliweka kwenye chipu isiyohitaji umeme. Ukitoa betri unapoteza saa na tarehe, kufuli linabaki palepale. Lenovo wameandika wazi kwenye miongozo ya ThinkPad kwamba ukisahau neno la siri la msimamizi, wao hawalifuti: unabadilishiwa kadi mama nzima, lile bamba kuu la mashine.

Hata hivyo, kabla hujaenda kwa fundi, angalia kibodi. Wengi wanaojiona wamesahau hawajasahau chochote. Vidole vyetu vimezoea AZERTY, ule mpangilio wa herufi wa Kifaransa, mashine zinakuja na QWERTY, ule wa Kiingereza, halafu mtu anabadilishiwa kibodi ili apate herufi za Kifaransa. Ukiwa kwenye BIOS, mashine nyingi hazijui habari ya Kifaransa ulichochagua ndani ya Windows. Zinaangalia kibonye kiko wapi, si herufi iliyochorwa juu yake. Chukua aliyeweka "mama" kwenye kibodi ya zamani. Kwenye AZERTY, mahali pa M ya zamani pana alama ya mkato, na mahali pa A pana Q. Kwa hiyo inabidi abonyeze mkato, Q, mkato, Q. Kama kuna tarakimu, azibonyeze kwenye mstari wa juu bila Shift. Nimeona mlango ukifunguka hivyo, mwenye mashine akabaki anacheka peke yake.

Kuna na wanafunzi, hasa wakati wa kuweka TFC, ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo, wanaolia kana kwamba kazi yao imeteketea. Kufuli la BIOS peke yake haligusi faili. Diski inatolewa, inavishwa kasha la USB, inasomwa kwenye mashine nyingine. Isipokuwa diski yenyewe iwe na neno lake la siri, au imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalogeuza faili zote kuwa siri. Hapo utadaiwa ule ufunguo wa tarakimu 48, na usipoupata, basi. Tena mwanafunzi ana bahati moja: jina lililo kwenye ukurasa wa kwanza wa TFC likilingana na kadi yake ya chuo, ni fundi gani atamkatalia?

Huyo fundi anaweza kufungua, ndiyo. Nimewahi kusimama kando ya meza ya mmoja pale Kamalondo: akafungua mgongo wa mashine, akatafuta chipu ya miguu minane, akaibana kwa kibanio chenye nyaya, akasoma yaliyomo kwenye kompyuta yake, akaweka nakala kando kabla ya kugusa chochote. Kazi ya utulivu. Ukikosea, mashine haiwaki tena. Na mkono huohuo unaomsaidia mwenye mali unaweza kumsaidia aliyeiba jana usiku. Ndiyo maana anauliza.

Mtu atanijibu kwamba huku kwetu karatasi hazipo, tunanunua kwa mdomo. Ni kweli, na watengenezaji hawalifikirii hilo wanapotaka risiti yenye namba ya mashine. Lakini muuzaji yupo. Mlete. Aje asimame mbele ya fundi, aseme ameitoa wapi. Akikupiga chenga, akizima simu, swali la fundi limeshajibiwa.

Mimi ningependa ugomvi huu uhamie dukani, ambako ndiko unakozaliwa. Laptopu inaweza kuwaka vizuri, ikapiga na muziki, kumbe mipangilio ya BIOS imefungwa na kampuni ya kwanza iliyoitumia. Utaligundua siku unapotaka kuweka Windows upya kwa USB. Basi kabla ya kulipa, izime kabisa, iwashe tena, ubonyeze F1 kama ni ThinkPad, F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, uone kama unaingia na kama unaweza kubadilisha kitu. Ikidai neno la siri, muuzaji aliandike mwenyewe, kisha alifute ukiwa unaangalia. Akisema hilo si tatizo, utalitoa nyumbani, mrudishie mashine yake.