Nyama ya Darasa la Tatu

Mwaka 1668 daktari wa Italia, Francesco Redi, aliweka nyama ndani ya mitungi, mingine akaiacha wazi na mingine akaifunika, ili aone kama funza huzaliwa na nyama yenyewe, kama watu walivyoamini, au huletwa na nzi. Nililichagua jaribio hilo kwa wanafunzi wangu wa Darasa la Tatu kwa sababu halihitaji maabara, nasi maabara hatuna. Redi, hata hivyo, hakuwa na mwalimu mkuu ambaye ofisi yake imepakana na darasa.

Buchani niliomba robo kilo ya steki, nikaeleza kuwa ni ya kuozesha. Muuza nyama alinitazama, akairudisha steki kwenye ndoana, akanipimia mapafu. Tuliyagawa katika chupa tatu za jemu: A tuliiacha wazi, B tuliifunga kwa kipande cha chandarua, na C kwa kifuniko chake. Niliwaeleza watoto kwamba tunabadilisha kitu kimoja tu, na kwamba mwanasayansi hubashiri kabla ya kujaribu. Wengi walibashiri kuwa funza watatokea kote, kwa kuwa hata embe huzaa funza wake lenyewe. Binti mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, mimi nabashiri nyama itaibiwa." Niliuandika ubashiri huo ubaoni, maana nilikwisha kutangaza kwamba hakuna ubashiri unaokataliwa.

Siku iliyofuata chupa A haikuwepo. Harufu ilikuwepo. Darasa zima liligeuka kumtazama yule binti kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata.

Hapo somo lilinitoka mikononi. Watoto waliuliza swali jipya, wakabashiri upya (paka, mlinzi, jini), kisha, bila kuambiwa na mtu, wakakung'uta dasta na kutandaza vumbi la chaki kuzizunguka chupa zilizobaki. Kulipokucha B nayo ilikuwa imekwenda, na sakafuni palikuwa na alama ya soli ya kiatu, kisigino kimelika upande wa nje. Paka aliondolewa kwenye orodha. Jini naye, baada ya mjadala kuhusu kama majini huvaa viatu. Mlinzi wetu huvaa kandambili. Waliipima alama kwa rula na kuichora madaftarini.

Asubuhi hiyohiyo walifika wathibiti ubora wa shule. Walipoingia darasani wakiongozwa na mwalimu mkuu, watoto walisimama, wakaamkia, kisha wakainama wote kwa pamoja kutazama miguu yake.

"Mwalimu mkuu," alisema yule binti, daftari mkononi, "tunaomba utuinulie kiatu cha kulia."

Akakiinua. Alieleza kwamba nyama hakuila, bali aliitupa kwa sababu ya harufu.

"Ushahidi uko wapi?" aliuliza mtoto mwingine.

Msafara mzima, wathibiti ubora wakiwemo, ulielekea kwenye shimo la taka. Chupa zote mbili zilikuwemo: A imejaa funza wanaofurukuta, B haina hata mmoja ndani, nzi wakihangaika juu ya chandarua. Watoto walishangilia, na mthibiti mmoja akaandika kwa muda mrefu sana.

Mwalimu mkuu alinivuta kando akaniuliza, kwa upole, kama jaribio lijalo nalo lina nyama. Nilipomjibu kuwa ni la kuotesha maharage, alitoa fedha ya maharage mfukoni mwake, akaongeza na ya pamba.