Laini ikikatika, kazi isipotee

Asubuhi moja nilikuwa ndani ya ISPF, programu ya kuhariri faili kwenye kompyuta kuu ya IBM, nikirekebisha programu ndefu iliyoandikwa kwa lugha ya COBOL, sehemu ile ya kukokotoa riba ambayo kila mtu huikwepa. Nikaitwa mkutanoni. Niliondoka nikidhani ni dakika kumi, mkutano ukala saa nzima. Niliporudi nilikuta skrini ya kuingilia inaniomba jina na nywila, kana kwamba siku ndiyo kwanza inaanza. Maelezo yote ya yaliyonipata yalikuwa herufi moja na tarakimu tatu: S522. Wanaotumia TSO, mfumo unaomwingiza mtu kwenye kompyuta hiyo, wanaijua. Mfumo ulisubiri nibonyeze kitu, muda uliowekwa ukapita, ukanifukuza. Nilikuwa sijahifadhi hata mara moja. Nikafungua faili, nikakuta mistari ya jana.

Sina ugomvi na kufukuzwa. Kompyuta kuu inahudumia mamia ya watu kwa wakati mmoja, na skrini iliyoachwa wazi ni mlango usio na komeo. Ninachokikataa ni kuchukulia kwamba ukimwondoa mtu ni lazima na kazi yake uiteketeze. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na waliojenga mifumo ya kwanza ya watu wengi kushiriki kompyuta moja walilielewa hilo mapema mno.

Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wao wa CTSS pale chuo cha MIT, Marekani, mnamo Novemba 1961. Kumbukumbu ya mashine haikutosha watu wote, kwa hiyo programu ya mmoja ilitolewa nje ili ya mwingine iingie, zamu kwa zamu. Yaani kuhifadhi na kurejesha ndiko kulikokuwa pumzi ya mfumo wenyewe. Baadaye mtumiaji naye akapewa uwezo huo mkononi: amri ya SAVE iliweka picha ya programu yake kwenye faili kama ilivyokuwa kwenye kumbukumbu, na RESUME ikaiamsha pale pale ilipolala.

Lakini waliolifikisha jambo hili mahali ninapopapenda ni watu wa APL\360, mfumo ulioanza kuhudumia watumiaji ndani ya IBM mwaka 1966. Humo data za mtu, programu alizoandika, hata programu iliyosimama katikati ya safari yake, vyote vilikaa katika uwanja mmoja wa kazi. Ukiandika )SAVE, uwanja mzima unakwenda diski. Ukiandika )LOAD, unarudi, na terminali, yaani kifaa cha mtumiaji cha kuandikia na kusomea, inachapa neno SAVED pamoja na saa na tarehe, ujue umerudi katika hali ya lini. Enzi zile watu waliunganishwa kwa laini ya simu, na simu hukatika. Ikikatika, mfumo ulihifadhi uwanja wako wenyewe, bila kuambiwa, kwa jina CONTINUE. Ulipopiga tena na kujitambulisha, uwanja huo ulikuwa umeshapakiwa unakungoja. Amri ya )SI ilikuonyesha programu imesimama kwenye mstari upi, ukaandika mshale na namba ya mstari, ikaendelea na safari. Mzigo wa kukumbuka uliubeba mfumo. Sijaona heshima kubwa zaidi ya hiyo kwa mtu anayefanya kazi.

VM, mfumo mwingine wa IBM unaompa kila mtu kompyuta yake ya kuigiza, yaani mashine pepe, nayo ina amri yake ya DISCONNECT: unaondoka terminalini, mashine yako pepe inaendelea kuchapa kazi, ukija kuingia kwa terminali nyingine unaikuta.

Kuna mahali ambapo hakuna mfumo unaoweza kukuokoa, na wageni huumia zaidi hapo. Terminali ya 3270, ile ya IBM yenye skrini, na programu zote za leo zinazoiiga, haipeleki herufi moja moja. Unachoandika kinabaki kwenye terminali yenyewe mpaka ubonyeze Enter au kitufe kingine cha kupeleka. Unaweza kujaza skrini nzima, unaiona kwa macho yako, na kompyuta kuu haina habari nayo kabisa. Laini ikikatika dakika ile, hakuna cha kurejesha kwa sababu hakuna kilichofika. Kila anayekaa kando yangu namwambia: ukimaliza mistari mitatu minne, Enter. Kisha tazama chini ya skrini. Alama ya X SYSTEM ikitokea na kutoweka, maneno yako yamefika.

Yakishafika, ISPF inaweza kukubeba. Unaandika RECOVERY ON kwenye mstari wa amri, na kuanzia hapo marekebisho yako yanawekwa pembeni, diskini, kila unapobonyeza Enter. Ukifukuzwa, siku utakayofungua tena kihariri utaulizwa kwanza kama unataka kuyarejesha. Siku ile ya S522, RECOVERY yangu ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyekuwa amenitajia kwamba ipo. Tena mpangilio huu unafuata aina ya faili: ukiuwasha kwenye COBOL, usidhani umewaka na kwenye JCL, lugha ya kuiagiza kompyuta kuu kazi.

Laini ikikatika yenyewe mambo ni tofauti kidogo. TSO haikufungi papo hapo. Inakushikia nafasi kwa dakika walizoweka wasimamizi. Unarudi kwenye skrini ya kuingilia, unaweka S mbele ya neno Reconnect kule chini, unaandika nywila, unajikuta ndani ya kikao kile kile. Wengi hawajawahi kuitumia S hiyo. Wanaingia kama kawaida, mfumo unawakatalia kwa kuwa jina lao tayari limo ndani, wanapiga simu wafutiwe kikao. Wanaomba kwa mdomo wao wenyewe kazi yao iuawe, na anayepokea simu anaiua bila kuwauliza walikuwa wakifanya nini. Hilo linaniuma kuliko S522.

Wasimamizi wana hoja, na ni nzito. Kikao kinachomngoja mwenyewe kinashikilia vitu. Faili uliyokuwa ukiihariri inabaki mikononi mwake, na mwenzako akiitaka anaambiwa inatumika. Nimekaa upande huo pia, nikisubiri faili iliyoshikwa na mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Ila hoja hiyo inadai faili iachiliwe, basi. Marekebisho yawekwe kwanza pembeni, ndipo kufuli lifunguliwe, ndipo kikao kifungwe. Ugumu uko kwenye kurudi: huenda katikati hapo mwenzako ameshabadilisha faili ile ile, na ukirejesha yako ukaihifadhi bila kutazama, umefuta kazi yake. Ndiyo maana ile saa na tarehe ya APL naiona ni kitu cha maana sana. Mtu anayerudi anahitaji kujua hali anayorejeshewa ni ya lini, na faili iliguswa mara ya mwisho lini, kabla hajakubali chochote.

Ninachowaomba wasimamizi ni kidogo. RECOVERY iwe imewashwa kwa kila mtumiaji mpya, kwa kila aina ya faili. Na katika siku yake ya kwanza akatwe laini makusudi, akiwa katikati ya kuandika, ajirudishe mwenyewe. Mara ya mwisho nilifanya hivyo na mgeni mmoja wa idara yetu. Aliandika mistari kumi, nikamkata. Aliweka S yake mbele ya Reconnect, akaingia, akakuta mistari sita. Minne ya mwisho hakuwa ameibonyezea Enter. Alikaa kimya akiitazama ile nafasi tupu, akaiandika upya, akabonyeza, kisha akainama kutazama chini ya skrini.