Karafuu hutuliza jino, usaha haiutibu

Jino likikuamsha usiku hapa Lamu, bibi atakwambia uponde karafuu, uitie kwenye pamba, uibane pale panapouma. Kijana aliyesoma atasema hiyo ni imani tu. Kijana anakosea.

Karafuu ina eujenoli, kemikali inayoziba milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu. Sodiamu isipoingia, habari ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Harufu unayoikuta kwenye vyumba vyao ndiyo hiyo.

Pilipili, kiungo kingine cha jikoni kinachoweza kutuliza maumivu, nayo imechunguzwa sana. Mwaka 1997 maabara ya David Julius, California, ilitambua mlango mwingine kwenye mishipa ya fahamu, uitwao TRPV1, unaofunguliwa na joto la nyuzi 43 hivi na pia na kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Ndiyo maana pilipili "huchoma" bila moto. Julius na Ardem Patapoutian walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mlango huo ukichokozwa mno, mshipa hunyamaza, na kwa msingi huo Marekani iliidhinisha mwaka 2009 plasta ya kapsaisini asilimia 8 kwa maumivu yanayobaki baada ya ugonjwa wa mkanda wa jeshi. Hubandikwa saa moja, na nafuu yaweza kufika miezi mitatu.

Lakini plasta hiyo hubandikwa na mhudumu aliyevaa glavu, kwa dozi inayojulikana. Pilipili ya kinu haina kipimo. Na wanaosema cha asili hakidhuru wajue kwamba mtoto mdogo akimeza kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya karafuu, ini lake linaweza kuharibika vibaya.

Zaidi ya hayo, maumivu yana kazi yake. Watafiti waliojaribu kuifunga TRPV1 kwa dawa za kumeza waliona joto la mwili wa wagonjwa likipanda, na wengine wakashindwa kutambua kitu cha moto.

Kwangu hapa ndipo penye uzito. Mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, anahesabu nauli ya boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu, kumwona daktari. Jino likitulia kwa karafuu, safari anaiahirisha, na usaha unaendelea kula mfupa wa taya. Bibi asikatazwe karafuu yake. Ila shavu likivimba, homa ikipanda au kumeza kukiwa kugumu, boti ipandwe siku hiyohiyo, hata kama jino haliumi tena.