Anayevulia Ukingoni Aanze na Uzi

Ukiingia katika duka la zana za uvuvi wa ndoano, macho yako yatavutwa na fimbo kabla ya kitu kingine chochote. Zimesimamishwa mbele zikiwa na rangi za kung'aa na maandishi ya dhahabu, na muuzaji anafahamu kwamba mteja akishaishika moja na kuitikisa hewani, kilichobaki ni kupatana bei. Uzi umelazwa chini ya kioo pamoja na ndoano na chubwi, nao hununuliwa mwishoni kwa chenji iliyosalia. Kwa mtu anayevua akiwa amesimama nchi kavu, naona utaratibu huo umekaa kichwa chini miguu juu. Uzi ndio unaokutana na samaki, majani, mwamba na gogo lililozama. Fimbo haivigusi hata kimoja. Msimamo wangu ni kwamba mtu achague uzi kwa kuangalia maji anayovulia, kisha rili, yaani kifaa kinachokunja na kuutunza uzi huo, na fimbo itafutwe baadaye kwa fedha inayobaki.

Mafundisho mengi kuhusu zana hizi yametoka Marekani, kwa wavuvi wa samaki aitwaye besi. Besi mwenye mdomo mpana asili yake ni mashariki ya Amerika ya Kaskazini, lakini amesambazwa sehemu nyingi za dunia kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Afrika Kusini alifikishwa mwaka 1928, na kwa jirani zetu wa Kenya yumo katika Ziwa Naivasha tangu enzi ya ukoloni. Mwaka 1967 Mmarekani Ray Scott aliandaa shindano la kuvua besi katika Ziwa Beaver, jimboni Arkansas, na kutokana na mashindano ya namna hiyo ikakua biashara kubwa ya zana na ya ushauri. Ushauri huo ni mzuri, ila sehemu kubwa yake unatolewa na mtu aliye ndani ya boti. Yeye humfuata samaki alipo, ana fimbo kadhaa zilizolazwa sakafuni, kila moja ikiwa na chambo chake, na uzi ukinasa husogeza boti upande wa pili na kuunasua. Sisi tunaoshuka garini Migoli, kando ya Bwawa la Mtera, au Matema, kando ya Ziwa Nyasa, tuna fimbo moja na begi mgongoni, na uzi ukinasa tunavuta kutoka pale pale tuliposimama.

Kinachofaa kuchukuliwa kwa Wamarekani ni uelewa wao wa samaki mviziaji. Besi hukaa karibu na gogo, jiwe au majani, mara nyingi si mbali na ukingo, akisubiri windo lipite. Kwetu kambale wa Mtera hutafuta chakula hadi kwenye maji mafupi, na mbasa wa Ziwa Nyasa huwafukuza usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, kwa hiyo aliyesimama nchi kavu hajanyimwa riziki. Kingine cha kuchukua ni kipimo cha nguvu. Besi mzito kuliko wote waliowahi kuthibitishwa, wa George Perry kule Georgia mwaka 1932 na wa Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, walikuwa na takribani kilo 10 kila mmoja, na samaki akiwa majini uzito wake wote hauning'inii kwenye uzi. Uzi unaobeba kilo 5 hadi 9 unatosha kwa shughuli nyingi za ukingoni, na anayenunua uzi wa kilo 25 kwa sababu ya woga anajinyima umbali wa kurusha. (Ieleweke kwamba sipendekezi besi aletwe katika maji yetu. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingineko duniani, na mlaji mgeni hana kazi humo.)

Sasa tuyaangalie maji yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayoamua. Bwawa la Mtera, upande wa Migoli, lina ukingo tambarare. Kiangazi maji hurudi nyuma na kuacha tope pana, na ndani yake kumesimama miti mikavu iliyozama tangu bonde lilipojazwa maji. Mle mna viboko na mamba, kwa hiyo kuingia majini ili usogee karibu na samaki ni jambo la kusahau kabisa. Matema ni tofauti: kuna mchanga, halafu miamba chini ya Milima ya Livingstone, maji ni maangavu na kina huongezeka upesi, na hapo pia sababu ya kutoingia ipo, nayo ni kichocho. Mabwawa madogo yaliyo katikati ya mashamba ya chai ya Mufindi yamebanwa na majani mbele na miti nyuma, na mara nyingi yana mwenyewe, kwa hiyo ombi la ruhusa linatangulia uzi na leseni ya uvuvi haichukui nafasi yake. Mahali patatu, mahitaji matatu ya uzi.

Nailoni ya kawaida hurefuka inapovutwa, na inaweza kuongezeka robo hivi ya urefu wake kabla ya kukatika. Kwenye bwawa la Mufindi, ambako chambo hutua mita 15 kutoka miguuni, sifa hiyo ni msaada, kwa sababu samaki akijitupa ghafla karibu na ukingo uzi hupokea mshtuko badala ya kukatika au kuing'oa ndoano. Nailoni ya milimita 0.28 au 0.30 inatosha hapo, na bei yake haiumizi. Mtera mambo hugeuka. Ukirusha mita 40 au 50 kuvuka maji mafupi, kisha samaki akagusa, mkono wako unavuta lakini urefu wote ule wa nailoni unatanuka kwanza, na ndoano inafika mdomoni ikiwa imechelewa. Hapo ndipo uzi wa kusuka unapostahili bei yake. Karibu haurefuki kabisa, na kwa nguvu ile ile ni mwembamba sana kuliko nailoni, hivyo hupita hewani kwa wepesi na kwenda mbali.

Lakini uzi wa kusuka nao una makosa yake. Haupendi miamba, na ukisuguliwa kwenye jiwe la Matema hukatika upesi kuliko wengi wanavyotarajia. Huonekana katika maji maangavu. Ukinasa kwenye gogo na ukauvuta kwa mkono mtupu utakukata nyama, kwa hiyo uzungushe kwenye kipande cha mti ndipo uvute. Dawa ya makosa haya ni kufunga mwishoni kipande cha nailoni nene au cha florokaboni, aina nyingine ya uzi, cha mita moja hadi mbili. Florokaboni huzama, ni ngumu kukwaruzika, na hupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia maji kuliko nailoni, ndiyo sababu huonekana kwa shida. Kwa fedha ya kawaida usijaze rili nzima kwa florokaboni. Nunua kipande tu.

Katika mfumo wa Mto Ruaha Mkuu, lilimo Bwawa la Mtera, kuna jambo ambalo vitabu vya besi havilisemi, kwa kuwa besi ana meno madogo ya kukwaruza tu. Huku kwetu yupo samaki wa jamii ya Hydrocynus, mwenye meno marefu yaliyotokeza nje ya mdomo, ambaye hukata nailoni na uzi wa kusuka kwa pigo moja. Akiwa ndiye unayemtafuta, funga waya mwembamba wa chuma wa sentimita 20 hivi mbele ya ndoano, na usihangaike na kuficha uzi.

Baridi ya nyanda za juu pia ina neno lake. Asubuhi za Juni na Julai, Mufindi au Makete, nailoni nene hukakamaa na kutoka kwenye rili ikiwa imeshika mapindo ya spuli, ile ngoma inayokunjiwa uzi, na kila mrusho unazaa fundo. Ifunge kwenye mti, tembea hatua thelathini, uivute taratibu hadi inyooke, au tumia nyembamba zaidi. Jua nalo huila nailoni polepole bila kuonyesha dalili, kwa hiyo uzi ulioachwa msimu mzima kwenye kioo cha mbele cha gari uwe wa kufungia mizigo.

Kuna mzee pale Migoli ambaye kabla ya kila mrusho hupitisha mita mbili za mwisho za uzi wake kati ya ukucha wa kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada, taratibu, macho yakiwa kwingine. Kijana mmoja alimwona akikata kipande na kukitia mfukoni, akamuuliza, "Shikamoo mzee. Mbona unakata uzi mzima?" Mzee akaitikia marahaba, akakitoa kile kipande na kumpa. "Huu si mzima, mjukuu wangu. Pitisha ukucha hapo." Palikuwa na mkwaruzo usioonekana kwa jicho, lakini ukucha ulikwama. Hilo halihitaji fedha, na sijaona zana ya dukani inayookoa samaki wengi kuliko kidole cha mzee yule. Kuhusu mafundo nitasema moja tu: fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu joto la msuguano hudhoofisha nailoni mahali pale pale itakapobeba mzigo wote.

Tukija kwenye rili, wapo wanaotamani ile inayokaa juu ya fimbo, ambayo ngoma yake huzunguka wakati chambo kinaruka, kwa kuwa ndiyo wanayoiona mikononi mwa mabingwa wa besi. Kwa chambo kizito na mkono uliozoea ni zana nzuri. Hata hivyo, mbele ya upepo wa mchana wa Mtera, au ule wa mwera unaovuma Ziwa Nyasa wakati wa kiangazi, chambo hupunguzwa mwendo huku ngoma ikiendelea kuzunguka, na matokeo yake ni rundo la uzi litakalokula nusu saa yako. Rili ya spuli isiyozunguka, inayoning'inia chini ya fimbo, haina ugonjwa huo, na chambo chepesi cha gramu 7 hukirusha bila taabu. Ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye rili moja.

Chukua saizi ya 2500 au 3000, na 4000 ikiwa lengo lako ni kambale wakubwa. Namba hizo si kipimo rasmi, kila kiwanda kina zake, hivyo ishike mkononi. Usidanganywe na idadi ya beringi iliyochapwa kwenye boksi. Beringi chache zilizokazwa vizuri ni bora kuliko kumi na mbili zinazogongana. Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni breki, inayoamua uzi utoke kwa nguvu gani samaki akivuta: mwombe muuzaji akuruhusu kufunga uzi, ukaze breki kiasi, kisha uvute kwa mkono. Uzi utoke mfululizo. Ukitoka kwa kushtuka, ukikwama na kuachia, rili hiyo itakukatia samaki, hata iwe na rangi gani. Nyumbani utaiweka breki iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Cha pili ni kile kigurudumu kidogo ambacho uzi hupita unaporudishwa. Kizunguke kwa kuguswa tu, kwa sababu kikiganda huusaga uzi mahali pamoja. Matema usiilaze rili mchangani, hata kwa dakika moja.

Spuli ijazwe hadi ibaki nafasi ya milimita mbili hivi chini ya ukingo wake. Iliyojazwa nusu huuzuia uzi kutoka na kukupunguzia umbali, halafu mtu hulaumu fimbo. Uzi wa kusuka uanziwe na nailoni kidogo chini yake, la sivyo fungu lote huteleza na kuzunguka juu ya spuli.

Fimbo sasa. Ya futi 7, yaani mita 2.1, yenye nguvu ya wastani na inayopinda zaidi upande wa ncha, iliyoandikwa kwamba inarusha gramu 7 hadi 21, itakufaa karibu kila mahali. Mtera ningeongeza hadi futi 8, kwa ajili ya umbali na pia kwa sababu inakuweka hatua kadhaa nyuma ya maji yenye mamba. Chini ya miti ya Mufindi, futi 6 zinatosha. Chunguza pete zinazopitisha uzi kwa kuvuta kipande cha pamba ndani ya kila moja. Pamba ikiacha nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utaunyoa uzi. Fimbo ya vipande viwili ndiyo ya mtu wa basi na bodaboda, hasa ikiwekwa ndani ya bomba la plastiki lenye vifuniko. Zile za kuchomoa na kuingiza kipande ndani ya kipande zinavutia kwa ufupi wake, lakini nyingi za bei nafuu hulegea kwenye maungio. Mwanzi wa mlanzi, ambao Iringa haukosekani, ni imara na umejaa ndani, ila uzito wake unachosha mkono wa kurusha; uacheni kwa kuvua perege karibu na ukingo, ambako hauna mpinzani.

Fimbo nyingi za siku hizi ni za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kuanzia Novemba hadi Aprili, radi za nyanda hizi zikianza kusikika kwa mbali, ilaze fimbo chini na uondoke ukingoni, na wakati wowote usiiinue chini ya nyaya za umeme.

Kwa bajeti ya kawaida ningeweka karibu nusu ya fedha kwenye rili, na nusu iliyobaki nikaigawa kati ya uzi na fimbo, bila kuona haya kwa fimbo isiyo na jina. Fedha nyingine ikipatikana baadaye, nunua spuli ya pili ya rili ile ile kabla ya kufikiria fimbo ya pili. Moja ijaze uzi wa kusuka kwa ajili ya Mtera, nyingine nailoni kwa ajili ya Mufindi. Kuzibadilisha ni kufungua kitufe cha breki, kuchomoa na kuchomeka, kazi ya dakika moja ukiwa bado kituoni unasubiri gari.