Mheshimiwa Apanda Matatu

Chuo chetu kiko ghorofa ya tatu karibu na River Road, Nairobi, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tunasomea afya na elimu ya viungo, lakini uwanja hatuna. Mbio tunakimbilia Uhuru Park; kamba tunarukia darasani, mpaka mwenye duka apande kulalamika kwamba plasta inamdondokea kwenye chai. Vifaa navyo ni vya kuhesabu: mipira miwili, saa moja ya kupimia mbio, na sanamu moja ya kufundishia huduma ya kwanza, iliyoanzia kichwani ikaishia kitovuni. Tuliibatiza Mheshimiwa, kwa kuwa ana kifua kipana, hana miguu, na ukimwita haitiki.

Mtihani wa vitendo ulikuwa Ijumaa. Kifua unakikandamiza kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukifika 30 unapuliza pumzi 2. Ukifikisha kina, Mheshimiwa hulia "tak!" Kwa wenzangu alilia vizuri. Kwangu, kimya. Alhamisi jioni nikamwomba mwalimu niende na Mheshimiwa Kayole nikafanye mazoezi. Akakubali, ila akaniambia nikimvunja, nitalala mezani mimi badala yake.

Mkoba wa Mheshimiwa ulikuwa umekufa zipu. Nikamfunga kwa leso ya dada yangu, ile iliyoandikwa WEMA HAUOZI.

Mvua ilikuwa inanyesha, matatu imejaa, Landhies Road haisongi. Nikampakata.

"Buda, huyo analipa ama unampakata?" makanga akauliza.

"Nampakata."

Mama aliyeketi kando yangu, kiondo cha mihogo magotini, alikuwa amemtazama kwa huruma tangu steji. "Pole, kijana. Ni mgonjwa?"

"Hapana, mama. Ni wa chuo."

"Mbona ni kama hapumui?"

"Huyu hapumui, mama. Hata miguu hana."

Nilisema ukweli mtupu, na mpaka leo ndiyo hoja yangu ya kujitetea.

Matatu ikaruka tuta, leso ikateleza. Uso wa rangi ya mshumaa, mdomo wazi, ukamtazama mama ana kwa ana. Alisema "Woi!" mara moja tu, akalegea kama mandazi kwenye chai.

Vurugu. Huyu anafungua dirisha, yule anakemea mapepo, dereva anauliza nani amekufa. "Si wewe ni daktari?" makanga akanifokea. Nikamwambia mimi ni wa viungo. "Basi si hivyo ni viungo!"

Utaratibu naujua. Unamgonga mtu mabegani, unamwita, unatazama kama anapumua bila kupitisha sekunde 10, unamtuma mtu apige 999. Nilikuwa nimeuandika daftarini kwa kalamu nyekundu. Lakini macho ya abiria kumi na wanne yakikuangalia, wino mwekundu hauonekani. Nikaruka moja kwa moja mpaka kifuani. Nikapanga viganja, nikanyoosha viwiko, nikasema kwa sauti, "Moja!"

Mama akafumbua jicho moja.

Kofi lile lililia "tak!", sauti ile ile niliyokuwa nikiitafuta wiki nzima.

"Umeua mmoja, sasa unanishika mimi?"

Tulishushwa Muthurwa, mimi na Mheshimiwa, baada ya kulipishwa nauli ya wawili. Bodaboda watatu wakakataa kutubeba. Wa nne alikubali, lakini akaongeza shilingi hamsini za msiba.

Usiku ule sikufanya mazoezi yoyote. Nilikaa na kitambaa cha maji baridi shavuni, Mheshimiwa akiwa kwenye kiti, mdomo wazi.

Ijumaa mwalimu aliliangalia shavu langu, akaangalia karatasi yake, akasema nianze. Nikapiga magoti. Nikamgonga Mheshimiwa begani mara mbili, kwa adabu kubwa, nikarudi nyuma hatua moja, nikaukinga uso kwa mkono, nikamwita:

"Mama, unanisikia?"